Hiki Kisiwa Kiliisha Kitambo, Kikarudi

Mwezi uliopita nilikataa elfu arobaini. Wale mnanijua mnajua vile elfu arobaini inafanya kazi kwa maisha yangu: hiyo ni kodi ya nyumba miezi miwili, na stima ndani. Kwa hivyo msinione ni kama nimeomoka. Nilikataa kwa sababu ya maneno matatu tu.

Kampuni fulani ya usafiri ilinitumia ujumbe ikitaka video ya dakika mbili kuhusu safari za meli za kwenda visiwa vya baridi, huko kusini kabisa mwa dunia. Pengwini, nyangumi, milima ya barafu, muziki wa polepole. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka nikafika kwa maneno waliyotaka niseme mwanzo na mwisho: "Kione kabla hakijaisha." Nikauliza kama naweza kuyabadilisha. Wakasema hayo ndiyo yanauza. Basi nikawashukuru, nikaacha.

Nilipotaja hiyo stori hapa, wengi kwa komenti mlisema najifanya. "Kwani ni uongo? Si dunia inaisha?" Enyewe ni swali poa, na leo nataka kulijibu vizuri. Kisiwa walichotaka niuze kinaitwa South Georgia. Nimekifuatilia tangu niko form two, na ninachojua ni hiki: kiliisha kitambo, kabla hata wazazi wetu hawajazaliwa. Halafu kikarudi. Vile kilirudi ndiyo stori mtu anafaa kukuuzia, na ndiyo stori hakuna mtu anauza.

Kwanza tujue tunaongea kuhusu wapi. South Georgia iko Atlantiki ya kusini, kama kilomita 1,400 kutoka visiwa vya Falkland. Ni eneo la Uingereza. Hakuna uwanja wa ndege, hakuna mji, hakuna mtu anaita huko kwao. Walioko ni maofisa wachache na wanasayansi wanaopokezana zamu. Ukitaka kufika ni meli tu, na nyingi hutokea Ushuaia kule Argentina, zikapitia Falkland na South Georgia, zikamalizia Antaktika. Safari ni kama wiki tatu. Tiketi ya kawaida huanzia kama dola 12,000, na hapo hujalipa ndege ya kukutoa JKIA. Piga hesabu mwenyewe. Hiyo ni zaidi ya milioni moja na nusu, na bado utalala chumba kimoja na mtu humjui.

Na watu wanalipa, kwa sababu kile kitu kiko huko hakiko kwingine. Kuna ghuba inaitwa St Andrews ambako pengwini wafalme huzaliana, jozi kama 150,000. Hebu fikiria Kasarani imejaa mara tano, na mashabiki wote wamevaa suti. Pembeni kuna sili tembo wa kiume, jamaa wa tani tatu au nne, wakipigania wanawake ufuoni. Juu kuna albatrosi ambaye akifungua mabawa anafikisha mita tatu na zaidi. Nimeona klipu zake mara mia na bado hunyamaza.

Sasa rudi nyuma. Mwaka 1775 nahodha James Cook alishuka hapo, akapandisha bendera ya Uingereza, na wala pahali hapakumpendeza. Lakini kwenye ripoti yake alitaja kwamba kuna sili. Kumbe wafanyabiashara ya ngozi nao walikuwa wanasoma. Wakaja mbio. Meli moja ya kutoka New York, Aspasia, ilibeba ngozi 57,000 kwa msimu mmoja tu, ule wa 1800 kuingia 1801. Kufikia miaka ya 1820, baharia mmoja anaitwa James Weddell alikadiria kwamba sili manyoya wasiopungua 1,200,000 walikuwa wameuawa hapo. Karne ya 20 ikianza, ungetembea fuo za kisiwa hicho siku nzima na pengine usimwone hata mmoja.

Sili walipoisha, zamu ikawa ya nyangumi. Mwaka 1904 Mnorwe mmoja, Carl Anton Larsen, alifungua kituo pahali panaitwa Grytviken. Kutoka hapo hadi 1965, vituo vya kisiwa hicho vilipasua nyangumi kama 175,000. Mafuta yao yakageuzwa sabuni na majarini. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia yalitoa gliserini ya kutengeneza baruti. Kwa hivyo usidhani hii ilikuwa kazi ya watu wabaya fulani gizani. Ilikuwa biashara halali, na bidhaa zake zilikuwa kwenye meza ya kila mama Ulaya.

Na vituo vilipofungwa, havikufungwa kwa huruma. Nyangumi walikuwa wamepungua mpaka hesabu zikakataa. Leo ukifika Grytviken utakuta matangi yamepata kutu, meli za kuwindia zimekaa ufuoni, na sili wamelala katikati ya vyuma kama wenye plot. Makaburi yako hapo karibu, na Ernest Shackleton, yule mpelelezi maarufu wa Antaktika aliyefariki hapo Januari 1922, amezikwa kati ya wawindaji. Watalii humwagia kaburi lake wiski kidogo. Sijawahi kusikia mtu akimwagia nyangumi.

Hebu jiulize. Kama ungekuwa hapo 1965 na simu yako, ungepiga picha gani? Vyuma, panya na mifupa. Hapo ndipo palikuwa "kuisha." Kwa hivyo mtu akikwambia leo ukakione kabla hakijaisha, anaruka miaka mia mbili ya hadithi. Kile unaenda kuona ni kitu kilichorudi kutoka kwa wafu.

Kilirudije? Hapa ndipo napenda zaidi, kwa sababu majibu yake hayana muziki wa polepole. Ni mambo ya kuchosha. Ni marufuku, ni makaratasi, ni watu kufanya kazi moja mwaka baada ya mwaka kwa baridi.

Sili waliachwa. Walipoachwa wakaongezeka kutoka kikundi kidogo kilichokuwa kimejificha, mpaka wakafika mamilioni. Nyangumi nundu wa kusini walilindwa kuanzia 1963, na uwindaji wa biashara ukasimamishwa duniani kuanzia 1986. Ilichukua muda mrefu sana. Lakini mwaka 2020 watafiti waliozunguka maji ya South Georgia walihesabu nyangumi buluu 55, na huyo ndiye mnyama mkubwa kuliko wote. Miaka miwili kabla, msafara kama huo ulimwona mmoja.

Panya ndio ilikuwa kazi. Waliingia na meli za wawindaji, wakazaana, wakawa wanakula mayai na makinda ya ndege ambao hawajawahi kujua adui wa miguu minne. Kuna ndege mdogo wa kuimba, pipiti wa South Georgia, ambaye haishi kokote kwingine duniani. Alikuwa amebakia kwenye visiwa vidogo ambako panya hawajafika na kwenye vipande vichache vya pwani. Kuanzia 2011 hadi 2015 shirika la kuhifadhi kisiwa hicho lilimwaga chambo chenye sumu kwa helikopta, karibu tani 300. Na walikuwa wanashindana na saa. Mito ya barafu ilikuwa imegawanya kisiwa vipande vipande, na panya hawawezi kuvuka barafu, kwa hivyo ungeweza kusafisha kipande kimoja kimoja. Lakini barafu ilikuwa inayeyuka. Wangechelewa, vipande vingeungana, na mchezo ungeisha. Baadaye wakaleta mbwa wa kunusa wakazunguka kisiwa wakitafuta panya hata mmoja. Hawakupata. Mwaka 2018 kisiwa kikatangazwa hakina panya. Na pipiti? Ameanza kuimba mahali ambapo alikuwa kimya kwa vizazi.

Hata renidia, wale kulungu wa Krismasi, waliletwa na Wanorwe 1911 ili wawe nyama. Miaka mia moja baadaye walikuwa maelfu, wanamaliza nyasi. Wakaondolewa, zaidi ya 6,000. Uvuvi nao ukawekewa masharti: mishipi mirefu ya samaki inaruhusiwa majira ya baridi tu, wakati albatrosi wengi hawako karibu. Zamani mishipi hiyo ilikuwa inanasa na kuzamisha ndege kwa maelfu kila mwaka. Sai kwenye maji ya kisiwa hicho ni karibu sufuri. Wanaokufa, wanafia mbali huko ambako hakuna masharti.

Umeona vile hiyo orodha inakaa? Kila kitu kilichorudi, kilirudi kwa sababu kuna mtu alikatazwa kitu.

Najua haya mengine kwa sababu binamu yangu yuko kwenye moja ya hizo meli. Si mtalii. Ni dada wa Kisauni, anafanya usafi wa vyumba, mkataba wa miezi saba. Wakipata mtandao hunitumia sauti kwa WhatsApp, upepo ukivuma nyuma kama matatu imefunguliwa mlango. Nilimuuliza kama watu wanalia wakiona pengwini kama kwa video. Akacheka. "Ndugu yangu, kabla ya kulia kwanza wanasugua viatu."

Akanieleza. Kabla ya kushuka, kila mtu analeta nguo zake za nje. Mifuko inapigwa mashine ya kufyonza vumbi. Velcro inachunguzwa uzi kwa uzi, kwa sababu mbegu hupenda kujificha hapo. Soli za viatu zinachokolewa na kijiti, kisha zinatumbukizwa kwenye dawa ya kuua viini. Halafu ofisa wa serikali anapanda melini kukagua, na akikuta uchafu, hakuna mtu anashuka mpaka msafishe upya. Kuna mzee alilipa pesa za kununua Probox mpya na bado alikuwa amekaa chini, ameshika kijiti, anatoa mchanga wa kijijini kwao kwenye kiatu.

Wakishuka kwa boti za mpira, ni watu mia moja tu wanaokubaliwa nchi kavu kwa wakati mmoja. Wa mia moja na moja anangoja melini. Mita tano kutoka kwa mnyama. Mnyama akikujia yeye, unasimama au unarudi nyuma. Yeye ndiye ana haki ya njia. Hakuna kula, hakuna kuacha hata ganda la peremende. Binamu yangu mwenyewe alishuka mara moja, Grytviken, saa moja ya mapumziko, na yeye alisuguliwa viatu vilevile kama mabilionea aliokuwa akiwatandikia vitanda. Aliniambia, "Wallahi hapa pengwini ndio wana kwao. Sisi ni wageni wa kupiga hodi, na hodi yenyewe haijibiwi kila siku."

Sasa kampuni za meli zina maneno matamu. Zinasema kila mgeni anarudi kwao akiwa balozi wa hiyo bahari. Sitasema ni uongo wote. Wageni hulipa ada ya kushuka, na sehemu ya pesa za kuondoa panya ilichangwa na watu waliofika huko kwa meli, wakaona, wakaguswa. Heshima yao. Lakini pia wamezidi kuwa wengi. Antaktika yenyewe, msimu wa 1991 hadi 1992, haikufikisha watalii 10,000. Msimu wa 2023 hadi 2024 walipita 100,000. Kila mmoja wao amepanda ndege na kuchoma mafuta ya meli kwenda kuona barafu inayoyeyuka kwa sababu ya mafuta. Balozi wa aina hiyo ni ghali.

Kwangu mimi, kisiwa hakikuokolewa na mapenzi ya wageni. Hata wawindaji walikuwa wanaipenda ile bahari kwa njia yao. Kiliokolewa na ile namba mia moja, na yule ofisa anayekagua viatu. Ukitoa hayo, meli zilezile nzuri zinaleta panya upya kesho.

Najua mtu hapa atasema: lakini bado kinaisha, si umesema barafu inayeyuka? Ndiyo. Na siwezi kuficha mambo mabaya. Oktoba 2023 homa ya mafua ya ndege ilithibitishwa huko, na inaaminika ililetwa na ndege wanaohama. Ikaingia kwa sili. Watafiti walipolinganisha picha za angani za fuo kubwa tatu, walikuta sili tembo wa kike wanaozaa wamepungua kwa asilimia 47 kati ya 2022 na 2024. Karibu nusu, jamani, kwa miaka miwili. Nao sili manyoya, wale waliorudi kwa mamilioni, wamekuwa wakishuka tena tangu karibu 2009, kwa sababu krili wanaowala wanapungua bahari ikipata joto. Kirusi hakisomi masharti. Joto halisuguliwi kwa kijiti.

Lakini angalia tofauti. Virusi vilipofika, kulikuwa na watu wa kuhesabu, kuna sheria ya kufunga fuo, na zilifungwa. Wageni wakabaki kwenye boti wakaangalia kwa mbali. Hakuna aliyesema "wacheni waone haraka, wanakufa." Na hapo ndipo yale maneno matatu yananikera. "Kione kabla hakijaisha" yanachukua habari ya msiba na kuigeuza tangazo la ofa. Mgonjwa yuko ICU, na wewe unauza tiketi za kumtazama.

Na yanafanya kitu kingine kwetu sisi vijana. Tumekua tukiambiwa kila kitu kinaisha. Theluji ya Mlima Kenya, misitu, mito, kazi, hata pesa ya uzeeni. Ukisikia hivyo tangu darasa la tatu, unabaki na mambo mawili tu ya kufanya: kununua tiketi ukiwa na pesa, au kukaa chini ukiwa huna. Yote mawili ni ya mtazamaji. Hakuna mahali kwenye hayo maneno palipoachwa kwa mtu wa kusema "hapana, hapa ni watu mia moja tu." Sote tumeona zile video za magari ya watalii yakiziba nyumbu njia ya mtoni, kuanzia Mara hadi Serengeti, watu wameshuka kabisa wanarekodi. Masharti yapo kule pia. Kinachokosekana ni mtu wa kuyashikilia hata mwenye dola akinuna.

Je, mimi nataka kwenda South Georgia? Sana. Sitawadanganya. Nina akaunti ya akiba yenye jina la pengwini, na kwa mwendo wake nitafika nikiwa na miaka kama hamsini na sita. Sioni aibu kutaka. Ila nikienda nataka niende kama mtu anayetembelea nyumba iliyojengwa upya baada ya moto, mwenye kujua nani aliichoma na nani alibeba mawe.

Lakini huhitaji kungoja hiyo miaka na mimi, wala hiyo milioni. Kati ya Julai na Septemba, nyangumi nundu hupita pwani yetu. Wengine huja kuzaa. Hawa si wale wa South Georgia. Wale hupanda hadi Brazil. Wetu hula kwenye bahari ya Antaktika iliyo chini ya Bahari ya Hindi, kisha wanaogelea maelfu ya kilomita mpaka hapa. Nao pia waliwindwa karibu waishe, na sheria zilezile ndizo ziliwaacha wapumue. Kwa hivyo mama nyangumi akitoa mgongo mbele ya Watamu mwezi wa nane, huyo ni jibu la swali lenu la komenti, amekuja mwenyewe bila visa.

Panda SGR hadi Mombasa, shika matatu ya Malindi, shuka Gede, malizia na tuktuk. Jipangeni watu sita mchangie boti. Na kabla hamjamlipa nahodha, muulizeni swali moja: tukimwona, utazima mashine au utamkimbiza? Akisema atamkimbiza ili mpate video poa, tafuteni mwingine, na mumwambie kwa nini. Mkiwa wengi wa kuuliza hivyo, msimu ujao atakuwa na jibu tofauti.